Ukikosa cha kusoma, anzia kwenye orodha za tuzo

Kama rafu yako imejaa riwaya za upelelezi tupu, tafuta majina ya washindi wa Tuzo ya Safal-Cornell ya fasihi ya Kiswahili, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, na yale ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Zote mbili hushindanisha riwaya na ushairi, kwa hiyo utakutana na diwani ya mashairi ambayo dukani usingeigusa. Isome kwa sauti, beti mbili tatu kila usiku. Ushairi wetu umelelewa na sikio. Halafu jamani, msiruke dibaji! Mimi huisoma penseli mkononi, na kila mwandishi anayetajwa humo nampigia mstari. Dibaji moja imewahi kunipa vitabu vya mwaka mzima.