Somo: Neno moja la Kiingereza, maana nyingi

Nimechoka kuulizwa kwa nini "bill" gazetini ni muswada wa sheria ilhali hotelini ni hesabu ya chakula, hivyo naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamrudisha hapa.

Hatua ya 1: Anza na maneno unayodhani unayajua.

Hatua ya 2: Tambua kama neno ni nomino, kitenzi au kivumishi.

Hatua ya 3: Soma maneno jirani kabla ya kuamua maana. Hapa ndipo nilipoaibika. Jirani yangu aliniletea barua ya mkopo iliyotaja "outstanding balance", nami, kwa kuwa neno "outstanding" nililizoea katika ripoti za wanafunzi waliofanya vizuri mno, nikamwambia kwamba anasifiwa kwa salio lake. Aliikunja barua kwa furaha. Mwezi uliofuata akadaiwa deni lilelile pamoja na adhabu ya kuchelewa. Likiandamana na mwanafunzi au kazi, neno hilo husifu. Likiandamana na fedha, ni deni lisilolipwa. Tahadhari: usichague maana kwa sababu ndiyo uliyoijua kwanza. Tukisikia mtu anapaa samaki, mbona hatumtafuti angani?

Hatua ya 4: Kwa kila maana andika sentensi nzima.

Swali: Mwalimu, naomba orodha ya maneno yote ya aina hii.
Jibu: Rudia hatua ya 1.

Swali: Kwani kukariri maana kuna ubaya gani?
Jibu: Toleo la 1989 la Oxford English Dictionary liliorodhesha maana zaidi ya 400 za kitenzi "set". Kariri, ukimaliza utujulishe.

Swali: Shikamoo mwalimu. Kwa nini hoja ikiwa "tabled" Uingereza inajadiliwa, na Marekani inaachwa?
Jibu: Marahaba, binti yangu, umesoma kwa makini. Waingereza, nasi tuliorithi desturi za bunge lao, humaanisha kuiwasilisha hoja mezani. Wamarekani humaanisha kuiweka kando. Churchill alieleza jinsi maofisa wa nchi hizo mbili, katika Vita Kuu ya Pili, walivyobishana kwa muda mrefu juu ya neno hilo kabla ya kugundua kwamba wote walitaka jambo lilelile. Kwa hiyo tazama pia mwandishi ametoka wapi.

Swali: Je, maana ya kwanza katika kamusi ndiyo kuu?
Jibu: Katika kamusi za wanafunzi, kwa kawaida ndiyo inayotumika zaidi. Oxford English Dictionary niliyoitaja hutanguliza ya kale zaidi, ambayo pengine haisemwi tena.