Walimu wa Bukavu, andaeni pamoja somo la kusoma

Wenzangu mnaofundisha darasa la pili na la tatu hapa Bukavu, jaribuni hili. Ijumaa wanafunzi wakishatoka, kaeni nusu saa, kila mmoja na madaftari matatu ya watoto wanaohangaika. Msianze na kitabu cha mwalimu. Anzeni na makosa yao.

Sisi tulikuta mtoto wa komuni ya Kadutu ameandika "shai" badala ya "chai". Kila mwalimu peke yake angeweka alama nyekundu na kupita. Tulipoyalinganisha madaftari, tukaona kosa lilelile katika madarasa mawili: Kifaransa kimeingia, na "ch" ya "chat" (paka), inayotamkwa "sh", imeivuruga ile ya Kiswahili. Basi tukatunga somo moja la herufi hizo mbili tu, maneno ya Kiswahili upande mmoja wa ubao, ya Kifaransa upande wa pili, watoto wakiyasoma kwa sauti.

Mmoja afundishe kwanza, mwenzake akae nyuma awatazame watoto, si mwalimu: nani anafuata kwa kidole, nani anaimba tu nyuma ya wenzake? Rekebisheni kabla ya mwingine kufundisha. Japani wamefanya hivyo miaka mingi. Gharama yake ni chaki na muda.