Jinsi ya kutungia muziki shairi la Kiingereza (mkazo ndo kila kitu)

Juzi nilikaa na kijana wa kwaya yetu, anatunga wimbo wa sauti nne kwa shairi la Christina Rossetti, mshairi Mwingereza, lililochapishwa 1862, lile linaloanza "Remember me when I am gone away". Naandika nilichomwonyesha manake wengi tunakwama palepale.

Hatua ya 1. Chagua shairi la mtu aliyefariki zamani. Kwetu Tanzania hakimiliki inadumu miaka 50 baada ya kifo, Uingereza 70. Rossetti kafariki 1894, hapo uko salama.

Hatua ya 2. Lisome kwa sauti mpaka likae kichwani.

Hatua ya 3. Mkazo. Kiswahili mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, na masikio yetu yameshazoea hivyo, Kiingereza hakina mpango huo. Wimbo wangu wa kwanza niliweka "a" ya "away" kwenye pigo la kwanza tena nota ndefu ya juu, "way" ikabaki kipande cha mwisho, kwaya ikaimba vizuri kabisa lakini mzee mmoja anayekijua Kiingereza akasema maneno hajayasikia. Usiku tatu nabadilisha kodi (chords, zile nota zinazopigwa pamoja), kumbe kodi hazina kosa lolote.

Fanya hivi: andika mstari silabi moja moja, zile nzito ziwekee duara: re-MEM-ber ME when I am GONE a-WAY. "Re" ikae pigo dhaifu, "mem" ndo iangukie pigo la kwanza. Ila usifuate kama mashine, hiyo "I" ukiikandamiza mtu anasikika anajitaja yeye tu, ipitishe haraka ufike "gone". Afu mstari wa pili unageuka, "Gone far away into the silent land", "gone" na "far" zote nzito, kwahiyo huo anza pigo la kwanza kabisa na zote mbili zipe muda. Ndo maana sikubali melodi moja irudiwe kila mstari.

Hatua ya 4. "Me" usiipandishe sana kwa sauti ya kwanza (soprano), koo linabana. "Land" shikilia kwenye "a", "nd" ifungwe mwisho kabisa na wote kwa pamoja, na weka pumziko baada yake, la sivyo kwaya itaimba "landi".

Hatua ya 5. Usikate mistari. Mtunzi wa muziki Vaughan Williams mwaka 1909 aliruka beti mbili za shairi la Housman, na Housman alikasirika sana. Shairi hili lina mistari 14 na mwishoni ndo "nikumbuke" inageuka kuwa "bora unisahau utabasamu", ukikata hapo umelimaliza.

Hatua ya 6. Andika sauti ya kwanza peke yake kwenye MuseScore, programu ya kuandika nota, ni ya bure na inatosha, solfa (do, re, mi) weka chini. Usiamini ile sauti ya kompyuta, haitamki maneno. Tafuta mtu aimbe bila kinanda, mwingine ambaye hajalisoma shairi aandike anachosikia. Akiandika "away" bila kuuliza, endelea na sauti tatu zilizobaki.