Kabla ya kutaja jina: namna ya kumwajiri kocha mgeni wa timu ya taifa

Kazi yangu hapa Lubumbashi ni mikataba ya wageni. Kampuni inayohudumia migodi ikitaka fundi kutoka Afrika Kusini, Ufaransa au India, faili lake linapita mezani kwangu: mshahara, nyumba, tiketi za ndege, kadi ya kazi, viza, na siku moja barua ya kuachana. Kwa hiyo kila mara Leopards, timu yetu ya taifa ya Kongo (DRC), wanapobaki bila kocha na watu wanaanza kurusha majina, mimi nauliza yale yasiyo na utamu: nani atalipa, nani atasaini, na siku ya kuachana itakuwaje. Nayaandika haya kwa yeyote aliye karibu na shirikisho, na kwa suporta anayetaka kujua adai nini kwa wakubwa. Naifikiria FECOFA yetu, shirikisho la soka la Kongo, ila hatua hizi zinafaa pia kwa jirani.

Andika kazi kwanza

Ukurasa mmoja unatosha. Mnataka tiketi ya CAN ijayo, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika? Mnataka Kombe la Dunia? Au mnataka kuunda kikosi kipya chenye vijana wa nyumbani? Hizo ni kazi tatu, na anayezifanya zote kwa miaka miwili sijamwona. Mkishaandika, someni historia yetu wenyewe. CAN ya 1968 kule Addis Ababa tuliichukua na Mhungaria, Ferenc Csanádi. Ile ya 1974 kule Misri tuliichukua na Myugoslavia, Blagoje Vidinić, Ndaye Mulamba akifunga mabao 9 ambayo hakuna aliyeyafikia katika CAN moja mpaka leo. Lakini CHAN, mashindano ya wachezaji wanaocheza ligi za nyumbani, tumeibeba mara mbili na mara zote mbili kocha alikuwa mtoto wa nchi: Santos Muntubile mwaka 2009 na Florent Ibenge mwaka 2016. Sioni bahati hapo. Anayemjua kijana wa Linafoot, ligi kuu yetu, kwa jina, kwa kiwanja anachochezea na kwa klabu inayomcheleweshea mshahara, ana elimu ambayo mgeni haipati kwenye video. Kama kazi mliyoiandika ni ya vijana wa nyumbani, huenda mgeni hamumuhitaji kabisa, na fedha hizo zina matumizi mengine.

Tafuteni fedha, kisha mwenye kalamu

Hapa nakaa muda mrefu, kwa sababu hapa ndipo timu nyingi za Afrika zinapoharibikiwa.

Katika nchi zetu mara nyingi serikali ndiyo inayolipa mshahara wa kocha wa taifa, lakini mbele ya FIFA mwajiri ni shirikisho. Wizara ikichelewa, deni linabaki kwa shirikisho. Kameruni walionyesha ubaya wake mwaka 2024: wizara ya michezo ilimteua Mbelgiji Marc Brys bila kukubaliana na shirikisho linaloongozwa na Samuel Eto'o. Ugomvi uliendelea mpaka Desemba 2025, shirikisho likamwondoa na kumweka David Pagou, wiki chache kabla ya CAN. Kocha wa watu wawili wasiosemezana hana mwajiri.

Kwa hiyo kabla ya kumpigia mtu simu, pateni barua mbili. Ya kwanza itoke kwa mlipaji, ikitaja kiasi cha mwezi, benki, na tarehe ya kutoka kwa fedha. Ya pili itoke kwa kamati tendaji ya shirikisho, ikimtaja atakayesaini. Mimi ningedai pia mshahara wa miezi sita ukae tayari kwenye akaunti ya peke yake kabla ya kusaini. Watasema ni mwingi. Basi kocha huyo ni wa bei ambayo hamna, tafuteni mwingine.

Nimezaliwa katika familia ya reli, na nyumbani kwetu timu ni Lupopo, klabu ya watu wa reli, lakini kwa jambo hili nawapa Mazembe, wapinzani wetu wa hapa mjini, haki yao. Diego Garzitto alichukua Ligi ya Mabingwa pale mwaka 2009, Msenegali Lamine N'Diaye akaifikisha klabu kwenye fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu dhidi ya Inter mwaka 2010, Patrice Carteron akachukua tena Ligi ya Mabingwa mwaka 2015. Wageni watatu tofauti, na watu wa Kamalondo, mtaa wa Mazembe, wanajua kilichokuwa nyuma yao: mlipaji mmoja, anayejulikana kwa jina na kwa sura, ambaye kocha alikuwa na uwezo wa kumfikia. Timu ya taifa nayo inahitaji mtu wa namna hiyo, hata kama fedha ni za umma.

Hesabu ya mgeni haiishii kwenye mshahara. Atataja anachotaka mkononi. Ninyi hesabuni mshahara ghafi, kodi ya mapato, CNSS (mfuko wa hifadhi ya jamii), na kumbukeni kwamba kwa miaka mingi sheria ya Kongo imemtoza mwajiri kodi ya pekee juu ya mshahara wa mgeni, kiwango cha kawaida kikiwa asilimia 25. Ongezeni nyumba, gari na dereva, bima ya afya yenye kumsafirisha akiugua sana, tiketi za familia. Kisha wasaidizi wake: wageni wengi hawaji peke yao, wanakuja na msaidizi, kocha wa makipa na mtu wa mazoezi ya viungo. Bei mliyoisikia kwenye simu ya kwanza itapanda sana kabla hajashuka uwanja wa ndege wa Ndjili, Kinshasa.

Na msisahau primu, yaani posho za mechi za wachezaji. Kocha halipwi primu hizo, lakini zikikosekana yeye ndiye anayebaki na kikosi chenye hasira. Kwenye Kombe la Dunia la 1974 kule Ujerumani, kama wachezaji wenyewe walivyosimulia baadaye, waliingia kucheza na Yugoslavia wakiwa wameambiwa fedha zao hazipo. Wakafungwa 9-0, na kocha wao alikuwa amechukua CAN miezi mitatu tu kabla. Liandikeni jedwali la primu, lisainiwe kabla ya kambi, na kocha apewe nakala.

Kuchagua mtu

Sasa majina. Linganisheni wawili waliofuatana kwetu. Héctor Cúper alikuja mwaka 2021 na jina kubwa: aliipeleka Valencia fainali mbili za Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, akaifikisha Misri fainali ya CAN ya 2017 na Kombe la Dunia la 2018. Kwetu, Morocco walitufungia njia ya Kombe la Dunia, 1-1 Kinshasa na 4-1 Casablanca, kisha Juni 2022 tukapoteza kwa Gabon na kwa Sudan, akaondoka. Agosti mwaka huohuo akaja Sébastien Desabre. Mitaani wengi hawakumjua. Lakini alikuwa amefanya kazi Côte d'Ivoire, Kameruni, Tunisia, Angola, Morocco na Misri, na Uganda aliipeleka raundi ya 16 ya CAN 2019. Aliikuta timu ikiwa na pointi sifuri katika mechi mbili, akaipeleka CAN, na mwanzoni mwa 2024 tukacheza nusu fainali Abidjan. Novemba 2025 timu ikawatoa Kameruni, kisha Nigeria kwa penalti, katika mchujo wa Afrika wa Kombe la Dunia. Cúper ni kocha mkubwa na namheshimu. Ila wasifu wa kazi usomeni kama ninavyousoma wa fundi wa mgodi: si kampuni gani iliyomwajiri, bali alifanya kazi katika hali gani, na nani alimwita tena.

Kwenye mahojiano mwombeni diploma ya juu ya ukocha, CAF Pro ya Afrika au UEFA Pro ya Ulaya, nakala iliyothibitishwa. Kisha muulizeni haya. Atutajie wachezaji watano wanaocheza ndani ya nchi na aeleze kila mmoja anafaa wapi. Atueleze atafanya nini katika miezi ambayo hakuna mechi, kwa maana klabu zinamwachia wachezaji kwenye madirisha machache ya mwaka tu, na mara nyingine wanafika Jumatatu mechi ikiwa Alhamisi. Anayeongea saa nzima juu ya mfumo wa uchezaji bila kugusa hizo siku nne, huyo kazi ya klabu ndiyo inayomfaa.

La tatu ni watoto wetu waliokulia Ulaya. Tangu 2020 FIFA imelegeza sheria ya kubadili taifa, na kocha mwenye simu nzuri anaweza kuleta mtu kama Aaron Wan-Bissaka, aliyezaliwa London, akavaa jezi ya vijana ya Uingereza, na mwaka 2025 akaja kwetu. Muulizeni ataongea vipi na wazazi. Mimi ningempa alama nyingi anayesema ataanza na mama wa mchezaji.

Wakala msimuulize habari za mteja wake. Pigeni simu kwa katibu wa shirikisho alikotoka, kwa daktari wa timu, kwa mtunza vifaa. Mtunza vifaa anajua kocha alivyo siku ya kufungwa.

Mkataba wenyewe

FIFA ina sheria za ajira ya makocha tangu Januari 2021. Mkataba uwe wa maandishi, uonyeshe pande zote, kazi, tarehe ya kuanza na ya kuisha, malipo na saini. Msiandike kwamba mkataba utakuwa halali akipata kibali cha kazi au akiwa na leseni fulani. Sharti hilo FIFA haitalikubali. Diploma na vibali vikaguliwe kabla ya saini. Mkimnyima mishahara ya miezi miwili, anaweza kuwaandikia, akawapa siku 15, na msipolipa anavunja mkataba kwa haki na kudai kilichobaki. Kesi inakwenda FIFA, rufaa kwenye mahakama ya michezo (CAS) kule Lausanne. Zimbabwe hawakumlipa kocha wao wa zamani, Mbrazili, na Machi 2015 FIFA ikawafukuza kwenye mchujo wa Kombe la Dunia la 2018 kabla hawajagusa mpira. Vijana wa nchi nzima walikosa Kombe la Dunia kwa deni la ofisi.

Kwa sheria yetu ya kazi ya 2002, mkataba wa muda maalum hauzidi miaka miwili, na mwaka mmoja tu kama mfanyakazi ana ndoa na yuko mbali na familia yake. Mkitaka mzunguko mzima wa Kombe la Dunia, pangeni mapema jinsi ya kuurefusha, msingoje wiki ya mwisho wakati kocha ameshinda na bei yake imepanda.

Malengo yaandikwe kwa namna ya kupimika: kufuzu CAN, ndiyo au hapana. "Kuinua kiwango cha timu" mbele ya hakimu halina maana yoyote. Chini ya kila lengo andikeni fidia ikikosekana, kiasi kamili, miezi mitatu au minne ya mshahara. Kocha mzuri hataogopa, na wakili wake atafurahi kwamba mnaongea wazi.

Kisha vifungu viwili ambavyo ningekataa kusaini bila hivyo. Kimoja kinahusu makazi: idadi ya siku kwa mwezi atakazokuwa ndani ya nchi, na si Kinshasa peke yake. Aje Lubumbashi kutazama debi ya Lupopo na Mazembe, ajue Goma na Bukavu, miji ya mashariki yenye vita, zinaishi nini. Wachezaji walipofunika midomo na kuweka vidole kwenye panja kama bastola kabla ya nusu fainali ya Abidjan, walikuwa wanaongea kwa ajili ya ndugu zetu wa mashariki. Mwalimu wao anapaswa kujua kwa nini, asisubiri kuelezwa na waandishi wa habari. Kifungu kingine ni cha wasaidizi: angalau wawili wawe Wakongomani, wenye mshahara wao kwenye mkataba huohuo na kazi iliyoandikwa. Msaidizi wa kubeba koni hajifunzi kitu.

Kadi ya kazi, viza ya kukaa kutoka DGM (idara ya uhamiaji), benki, nyumba: mpeni ofisa mmoja na orodha, wiki chache zinatosha akianza mapema. Utambulisho kwa waandishi uwe mfupi, na rais wa shirikisho asitaje ahadi ambayo haimo kwenye mkataba.

Siku ya kuondoka

Itafika. Côte d'Ivoire walimwondoa Jean-Louis Gasset katikati ya CAN yao wenyewe, Januari 2024, wakamkabidhi Emerse Faé aliyekuwa msaidizi wake, na Faé akachukua kombe. Iliwezekana kwa sababu ndani ya chumba alikuwemo mtu aliyeijua kazi yote.

Nimeshaona fundi mgeni akiondoka hapa na kompyuta yenye michoro ya mtambo mzima, na kampuni ikalipa mara ya pili kwa kazi ileile. Kwa hiyo andikeni tangu mwanzo kwamba ripoti za wachezaji, video, faili za afya, namba za klabu na za familia za wachezaji wa Ulaya ni mali ya shirikisho, na nakala ziingie kwenye hifadhi yake kila baada ya kambi. Malipo ya mwisho yafungwe na makabidhiano: kocha, msaidizi Mkongomani na katibu mkuu wakae meza moja, wapitie orodha, wasaini kila ukurasa, kisha benki itoe fedha siku hiyohiyo.