Jinsi ya Kusoma Muundo wa Glukokinasi ya Binadamu

Glukokinasi ni kimeng'enya cha ini na kongosho ambacho huipachika glukosi fosfeti inayotoka kwenye ATP (molekuli inayobeba nishati katika seli), na kwa njia hiyo huziwezesha seli zinazotoa insulini kupima sukari iliyomo katika damu. Kimejengwa kwa mnyororo mmoja wa asidi amino 465. Ili ukielewe, pakua miundo miwili, wala si mmoja, kutoka Benki ya Data ya Protini, hifadhi ya mtandaoni ya miundo ya protini: 1V4S, ambamo kimeng'enya kimeifumbata glukosi, na 1V4T, ambamo kimeachama kikiwa kitupu.

Kabla ya kutazama picha, soma kiwango cha upambanuzi, yaani jinsi muundo unavyoonyesha vitu vidogo kwa uwazi. Muundo wa kwanza una angstromu 2.3 na wa pili 3.4 (angstromu moja ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita), na kadiri namba inavyopungua ndivyo atomu zinavyoonekana bayana. Kwa hiyo pima umbali baina ya atomu katika 1V4S. Katika 1V4T tosheka na umbo la mnyororo.

Fungua 1V4S katika programu ya kutazama molekuli, ChimeraX au PyMOL, uionyeshe protini kama utepe na glukosi kama vijiti. Utaona mapande mawili ya protini, pande kubwa na pande dogo, na glukosi imekaa katika ufa uliopo kati yake. Isogelee, kisha uonyeshe asidi amino zinazoizunguka (namba ni nafasi ya kila moja katika mnyororo): asparajini 204 na 231, aspateti 205, glutameti 256 na 290, threonini 168 na lisini 169. Iangalie aspateti 205 kwa utulivu, kwa maana ndiyo inayopokea protoni ya hidroksili (kundi la oksijeni na hidrojeni) iliyo kwenye kaboni ya 6 ya glukosi. ATP haimo, molekuli nyingine utakayoiona karibu na bawaba ya mapande hayo ni kiamshi kilichotengenezwa maabara, usiidhanie kuwa sehemu ya kimeng'enya.

Sasa lete 1V4T na uilaze juu ya 1V4S kwa kulinganisha pande kubwa peke yake. Ukilinganisha protini nzima, programu itaisambaza tofauti kila mahali, na mzunguko mkubwa wa pande dogo, ambao kwangu ndio kiini cha kazi yote hii, utafifia. Utakuta pia utepe wa 1V4T umekatika kati ya asidi amino ya 157 na ya 179. Hilo si kosa la faili: kipande hicho hakitulii mahali pamoja, hivyo eksirei zilizotumika kupata muundo huu hazikukinasa. Threonini 168 na lisini 169, ulizoziona zikiishika glukosi, zimo ndani ya pengo hilo hilo. Sehemu hiyo ya kiti cha glukosi hujipanga pale kimeng'enya kinapofumba.