Kuwinda Nguruwe Mwitu kwa Miguu Texas, na Bunduki Inayofaa

Nguruwe mwitu wa Texas hawana msimu wa kuwindwa wala kikomo cha idadi, kwa kuwa sheria ya jimbo inawahesabu kuwa wanyama wageni wasiolindwa: asili yao ni nguruwe walioletwa na Wahispania katika karne ya 16, wakachanganyika baadaye na mifugo iliyotoroka na nguruwe wa Ulaya walioachiliwa porini kwa ajili ya uwindaji. Wakulima wanawachukia kwa jinsi wanavyofukua mashamba usiku mmoja, na ndiyo sababu mwindaji mwenye adabu huweza kupata ruhusa ya kuingia shambani bila taabu kubwa.

Tangu tarehe 1 Septemba 2019, anayewinda nguruwe hao katika ardhi ya mtu binafsi kwa idhini ya mwenyewe hahitaji leseni ya uwindaji; katika ardhi ya umma leseni bado ni lazima. Hapa Mswahili aliyeko Marekani kwa viza ya muda, kama ile ya masomo, asidanganyike na wepesi huo, kwa sababu sheria ya shirikisho humkataza kushika bunduki au risasi isipokuwa kwa masharti machache, na mojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa nchini humo. Akate leseni hata kama jimbo halimdai, aibebe mfukoni, na ruhusa ya mwenye shamba aipate kwa maandishi.

Anayewinda kwa miguu hushindana kwanza na pua ya mnyama. Macho ya nguruwe ni dhaifu, masikio yake ni mazuri, lakini pua yake haina mfano, na kundi likishapata harufu ya mtu huondoka lote kabla hujaliona. Kwa hiyo, kabla ya kupiga hatua, tazama upepo: beba kichupa cha poda, nyunyiza kidogo hewani kila baada ya muda, na panga njia yako ili upepo utoke kwao kuja kwako, hata kama itakubidi kuzunguka kilomita nzima. Upepo ukigeuka, rudi nyuma uzunguke upya. Kuendelea mbele kwa matumaini ni kupoteza siku.

Kwa kuwa nguruwe hutoa jasho kidogo mno, wakati wa joto hujilaza mchana kwenye matope na vichaka vilivyo kando ya vijito, na hutoka kula alfajiri, jioni na usiku. Tafuta ardhi iliyofukuliwa ambayo udongo wake bado una unyevu, nywele zilizonasa kwenye seng'enge, na matope yaliyopakwa kwenye miti na nguzo za umeme wanakojikuna. Matope yakiwa mabichi, tembea polepole kuliko unavyodhani inafaa, simama mara kwa mara usikilize, maana kundi linalokula hukoroma na kugombana kwa kelele, na kelele hizo zitakuficha wewe. Tazama pia unapokanyaga, kwani vichaka hivyo hivyo ni maskani ya nyoka wenye njuga mkiani.

Bunduki ichaguliwe kwa kuzingatia mazingira hayo. Mara nyingi utafyatua ukiwa umesimama, kwa umbali usiozidi mita 100 na pengine mita 20 tu, baada ya kuibeba kwa saa kadhaa. Mtutu mrefu unaonasa matawini na darubini kubwa inayokuza mno, hata kwa karibu ikakuonyesha manyoya matupu, ni mzigo. Dume mkubwa ana ngao ya gegedu na kovu juu ya mabega, hivyo kinachotakiwa ni kichwa cha risasi kinachopanuka bila kuvunjika vipande kabla ya kufika ndani. Kwa maoni yangu, anayeanza achukue bunduki fupi inayokokiwa kwa komeo, ya risasi aina ya .308 Winchester, yenye kichwa cha gramu 9.7 au zaidi, na darubini inayoanzia ukuzaji wa mara moja au mbili. Risasi ya .30-30 Winchester, ambayo ilitoka mwaka 1895, bado inafaa sana vichakani katika bunduki nyepesi ya kukokiwa kwa wenzo. Ila magazini ya bunduki hiyo, yaani chemba ya kuwekea risasi, ni ya bomba na hupanga risasi moja nyuma ya nyingine, kwa hiyo usitie risasi za ncha kali ya chuma zinazoweza kugonga fataki, yaani kiwashio cha baruti kilicho kitakoni, ya risasi iliyo mbele. Shotigani ya geji 12 yenye risasi moja nzito hutosha kwa karibu, lakini marisau madogo yatamjeruhi tu. Risasi ya .223 Remington huua mikononi mwa mpigaji makini, nami simpendekezei anayeanza.

Jizoeze kupiga ukiwa umesimama na umepiga goti, na umbali ambao huwezi kupiga sahani ndogo kila mara usiutumie porini. Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wengi wanavyotarajia, na manyoya ya mgongoni humfanya aonekane mrefu. Akikaa ubavu, lenga theluthi ya chini ya mwili, sawa na mguu wa mbele. Subiri ajitenge na wenzake, na hakikisha nyuma yake kuna udongo, kwa sababu risasi hupita. Kila unapovuka seng'enge, toa risasi kwenye bunduki.

Akikimbilia kichakani akiwa na jeraha, ngoja nusu saa, kisha fuata damu ukiwa tayari, kwani dume aliyejeruhiwa hushambulia kwa chonge zake. Aliyeanguka mwendee kutoka nyuma.

Vaa glavu za mpira unapompasua, maana wengi hubeba bakteria wa ugonjwa wa bruselosi wanaoingia kupitia mikwaruzo. Toa matumbo mara moja na poza nyama kwa barafu. Mlaji aipike mpaka ndani ifike nyuzi 71 za Selisiasi. Asiyekula nguruwe akubaliane mapema na mwenye shamba kuhusu mzoga utakakopelekwa.