Kabla nyoka hajaingia ndani: maandalizi ya mfugaji wa Mwanza

Wengi huanza na nyoka, kisha boksi, kisha joto, na kibali hukumbukwa siku mtu wa maliasili anapobisha hodi. Mimi ningeanza na kibali. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wa nchi hii ni mali ya umma, wamekabidhiwa kwa Rais kama mdhamini. Kwa hiyo yule chatu mchanga aliyeokotwa kwenye majaruba ya mpunga kule Magu, akaletwa kwako ndani ya kiroba, si wa aliyemkamata na wala si wako, hata kama umemlipia. Pita ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize kabla hujatoa hata shilingi. Na kwa nyoka wa kutoka nje, kumbuka kwamba chatu wa aina zote wamo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea walio hatarini. Havuki mpaka bila karatasi, na muuzaji asiyekuwa nazo achana naye.

Kisha chagua nyoka anayelingana na chumba chako. Chatu wetu wa huku hukua akapita mita 4. Huyo si wa kufugia chumba na sebule. Wageni wengi katika ufugaji huanza na yule mdogo wa Afrika Magharibi, Python regius, wa kutoka nchi kama Ghana, Togo na Benin, ambaye akiogopa hujikunja kama mpira na kuficha kichwa katikati. Huishia mita 1 hadi 1.5 na ni mpole. Lakini anaweza kuishi miaka 20, hata 30. Ukimchukua ukiwa mwanafunzi pale chuo kikuu cha SAUT, huenda mwanao akamaliza kidato cha nne na nyoka bado yupo. Swila, koboko na moma siwazungumzii kabisa. Mwenye sumu hafugwi nyumbani, basi.

Sasa majirani. Usukumani nyoka si mgeni: Bayeye, chama cha wacheza na nyoka, wamekuwa wakiingia uwanjani na chatu shingoni tangu enzi za mababu, na ngoma za nyoka bado huvuta watu Bujora wakati wa tamasha la Bulabo. Tofauti ni kwamba nyoka wa ngoma huchezwa mchana mbele ya watu wote, na wako amefichwa chumbani. Wiki mbili tu, utasikia mtaani kwamba umefuga jini la pesa, na maneno ya namna hiyo huku kwetu si ya kuchekea. Mwambie mwenye nyumba, mwambie mwenyekiti wa mtaa, waite wapangaji wenzako waone boksi likiwa tupu na kufuli lake. Mama mwenye nyumba wangu, nilipokuwa Mabatini, aliuliza mambo mawili tu: anakula nini, na akitoka je? Kama huna majibu ya hayo mawili, hujawa tayari.

Swali la pili linahusu boksi. Penye upenyo wa kichwa, mwili wote utapita. Mfuniko uwe wa kubana na kufungwa kwa vishikio pande zote. Kuuwekea tofali juu si kufunga. Kisha kagua chumba chenyewe: nafasi chini ya mlango, silingibodi iliyoachia, tundu la waya wa umeme ukutani. Nyumba zetu nyingi zimeegemea mawe, na nyoka akishaingia kwenye mawe ya Bugarika, kampate. Ndani ya boksi weka maficho mawili ya kumtosha abanane, moja upande wa joto na jingine upande wa ubaridi. Chini tandika magazeti au karatasi nyeupe. Maranda ya kwa seremala yaache, yana vumbi na huwezi kujua mbao ilipakwa dawa gani.

Penye kazi hasa ni joto. Nyoka hajipashi mwenyewe. Asipopata joto la kutosha, panya aliyemeza hasagiki tumboni, na mwishowe humtapika. Huyu wa Afrika Magharibi anataka nyuzi 31 hadi 33 upande mmoja, na 24 hadi 27 upande wa pili, ili achague mwenyewe. Mtu atasema Mwanza ni joto. Mchana, ndiyo, na chini ya bati lisilo na dari linazidi, boksi huwa tanuri. Lakini mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya mwezi wa saba kipimajoto hushuka chini ya 20. Utahitaji mkeka wa umeme wa kupasha joto, ukae chini ya theluthi moja ya boksi, na lazima uwe na themostati, kifaa cha kudhibiti joto lisizidi. Bila themostati mkeka humuunguza tumbo naye ametulia tu juu yake.

Washa kila kitu siku tatu kabla, boksi likiwa tupu. Andika nyuzi za alfajiri, za saa nane mchana na za usiku wa manane. Angalia pia LUKU inavyokwenda, maana uniti zikiisha saa tisa usiku atakayepoa si wewe. Umeme ukikatika, jaza chupa maji ya moto, zifunge kwa kitenge, ziegemeze nje ya boksi na ufunike blanketi juu, ukiacha matundu ya hewa. Jiko la mkaa usiliingize chumbani. Gesi yake ya sumu itawamaliza wote wawili. Dawa ya mbu ya kupuliza nayo ni sumu kwake, kwa hiyo zoea chandarua.

Chakula kitafutie mahali mapema: panya weupe wa kufugwa, waliokwisha kuuawa, unene usiozidi sehemu nene ya mwili wake. Panya wa darini huenda amekula sumu, na ana minyoo yake. Dagaa wa Kirumba kula mwenyewe.

Ulizia pia daktari wa mifugo aliye tayari kumgusa, kwani wengi wamezoea ng'ombe na kuku. Utamhitaji akianza kutoa mapovu mdomoni au kukoroma. Vidoti vyeusi vinavyotembea kwenye karatasi nyeupe au kuelea kwenye bakuli la maji ni utitiri. Nyoka pia hubeba bakteria wa Salmonella, wanaoharisha watu, hata akiwa mzima, kwa hiyo bakuli lake halioshwi jikoni, mikono ni sabuni kila mara, na watoto wa chini ya miaka 5 wamtazame kwa mbali.

Siku ya kumleta, safiri naye asubuhi kabla jua halijakali, ndani ya mfuko wa kitambaa uliowekwa kwenye boksi. Ukifika mweke ndani, funga kufuli, ondoka. Wiki nzima usimshike wala usimlishe. Badilisha maji tu. Wenzako watakuja wakitaka picha. Waonyeshe kufuli.